Sumu ya Vernon: msimamizi naye ajibu

Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu cha kampuni ya Exide mjini Vernon, California, kilifungwa Machi 2015. Zaidi ya miaka kumi imepita. Udongo katika nyumba zinazokizunguka bado una madini ya risasi, gharama za kuusafisha zimeangukia walipa kodi, na hakuna aliyesimama kizimbani. Matokeo haya hayakuletwa na bahati mbaya. Yameletwa na maamuzi yaliyotiwa saini, ofisi kwa ofisi, mwaka baada ya mwaka.

Lawama ya kampuni haina ubishi, kwa sababu kampuni yenyewe imekiri. Katika makubaliano ya 2015 na waendesha mashitaka wa serikali kuu ya Marekani, Exide ilikubali kwamba kwa takriban miongo miwili ilihifadhi, ilitupa na ilisafirisha taka hatari kinyume cha sheria, hadi kutumia matrela yaliyokuwa yakivuja. Lawama ambayo haijapata mwenyewe ni ya msimamizi, yaani Idara ya Udhibiti wa Vitu vya Sumu ya jimbo la California. Sheria iliipa idara hiyo mamlaka ya kuzuia jambo hili lisitokee. Lilitokea machoni pake, na idara bado ipo, na ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kusafisha.

Vernon ni mji wa viwanda. Uko umbali wa kilomita nane hivi kutoka kitovu cha Los Angeles, na wakazi wake ni mia chache tu. Vumbi la tanuri halikukaa Vernon. Lilikwenda Maywood, Huntington Park, Bell, Commerce, Boyle Heights na East Los Angeles, ambako wakazi walio wengi sana ni Walatino: wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, watoto wao na wajukuu wao. Ni watu wa viwandani, jikoni, maghalani na kwenye cherehani. Wengi ni wapangaji, na wapo wasio na hati za ukaazi. Kabla hata ya kuhesabu sumu ya Exide, watu hawa walikuwa tayari wanavuta moshi wa malori yanayotoka bandari za Los Angeles na Long Beach kwa barabara kuu ya 710, na Boyle Heights ilikuwa imekwisha kukatwa vipande na barabara kuu zinazokutana katikati yake.

Kuhusu risasi, sayansi haina mashaka. Hakuna kiwango cha madini hayo katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na humfuata mtu ukubwani kwa shinikizo la damu na maradhi ya figo. Katika damu hupungua baada ya wiki kadhaa, lakini katika mifupa hukaa miongo, na mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni sumu aliyoikusanya yeye mwenyewe utotoni. Ndiyo maana kipimo cha damu cha leo hakiwezi kumsafisha mchafuzi wa jana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walilielewa hilo, wakapima meno ya utoto yaliyong'oka ya watoto wa mitaa hiyo. Utafiti wao, uliochapishwa 2019, ulikuta risasi iliyoingia tangu mimba na miezi ya kwanza ya maisha, na palipokuwa na risasi nyingi udongoni ndipo ilipokuwa nyingi menoni.

Sasa turudi kwa msimamizi. Uyeyushaji mahali hapo ulianza mwaka 1922. Mwaka 1981 kiwanda kilipewa kibali cha muda cha kushughulikia taka hatari, wakati kikisubiri kibali kamili. Kibali kamili hakikutolewa kamwe. Exide ilikinunua kiwanda mwaka 2000 kikiwa katika hali hiyohiyo, na kikaendelea kuyeyusha betri chini ya ruhusa ya muda iliyodumu zaidi ya miaka 30. Katika kipindi hicho walipita magavana, wakurugenzi na mawakili wa pande zote mbili za siasa za Marekani.

Tofauti kati ya vibali hivyo viwili si ya makaratasi. Kibali kamili kinamlazimu mwenye kiwanda kuonyesha kwa undani jinsi atakavyozuia sumu isitoke, kuwasikiliza wananchi hadharani, na kuthibitisha kwamba fedha za kufunga na kusafisha zipo. Kibali cha muda kilikuwa daraja la kuvukia kipindi cha mpito wa sheria. Kwa kukigeuza kuwa cha kudumu, idara iliwanyima wakazi mambo yote matatu kwa pamoja, na iliinyima serikali yenyewe dhamana ya fedha ambayo baadaye ilihitajika sana. Kila mara ukaguzi ulipokuta uvujaji au vumbi lililozidi kiwango, adhabu ilikuwa faini, na faini kwa kampuni ya aina hiyo ilikuwa gharama ya kawaida ya biashara.

Machi 2013 mamlaka ya ubora wa hewa ya eneo hilo ilitangaza kwamba arseniki iliyokuwa ikitoka kiwandani iliongeza hatari ya saratani kwa takriban watu 110,000. Mwezi uliofuata idara ilisimamisha shughuli. Kampuni ilikwenda mahakamani, na kabla ya majira ya joto kwisha ikarejea kazini. Idara iliyokuwa na miongo mitatu ya kujenga kesi ilishindwa kuitetea amri yake mwenyewe kwa miezi mitatu. Hapo ndipo uzembe wa muda mrefu ulipoonyesha bei yake: asiyetumia mamlaka yake kwa wakati hukuta silaha zote mikononi mwa anayemsimamia.

Makubaliano ya 2015 yalifuata mantiki ileile. Waendesha mashitaka walikubali kutoifikisha kampuni kizimbani, na kampuni ikakubali kufunga kiwanda milele na kutoa takriban dola milioni 50 za kukibomoa na kusafisha. Sababu iliyotolewa ni kwamba mashitaka yangeifilisi kampuni, na kampuni iliyofilisika isingeweza kulipia usafi. Wakati huo Exide ilikuwa tayari imekwisha kuomba hifadhi ya mufilisi mara mbili, mwaka 2002 na 2013. Mei 2020 iliomba mara ya tatu. Wakazi walinyimwa haki ya jinai ili wapewe usafi, kisha usafi nao ukakosa mlipaji.

Hoja kwamba waendesha mashitaka hawakuwa na njia nyingine haisimami. Makosa yaliyokiriwa ni ya jinai, na jinai hutendwa na watu. Kuinusuru kampuni isifilisike hakukuhitaji kuwanusuru pia mameneja walioamua matrela yanayovuja yaingie barabarani, na wala hakukuizuia serikali kudai dhamana kutoka benki au kampuni ya bima mapema, kabla mweka saini hajaishiwa fedha. Makubaliano yalitegemea neno la kampuni ambayo rekodi yake ilikuwa mezani.

Oktoba 2020 Jaji Christopher Sontchi wa mahakama ya mufilisi ya Delaware aliidhinisha mpango ulioiruhusu Exide kuiacha mali ya Vernon na kuondoka. Wizara ya Sheria ya Marekani iliunga mkono mpango huo, licha ya pingamizi la California na mamia ya maoni ya wakazi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1986 kwamba mufilisi hawezi kuitelekeza mali yenye sumu kwa kuvunja sheria zinazolinda afya ya umma. Kinga hiyo ilibanwa hadi ikawa haina maana: jaji aliona kwamba umma haukukabiliwa na hatari ya papo kwa papo. Risasi haiui papo kwa papo. Inaharibu polepole, kizazi hadi kizazi, na sheria inayongoja hatari ya ghafla haiwezi kumlinda mtoto wa Maywood.

Ulinganifu ufuatao umesemwa na wakazi wenyewe kwa miaka, na haujapata jibu la kuridhisha. Oktoba 2015, miezi michache baada ya Exide kufungwa, gesi ilianza kuvuja katika hifadhi ya Aliso Canyon, juu ya kitongoji cha Porter Ranch upande wa kaskazini wa jiji hilohilo. Porter Ranch ni kitongoji cha watu wenye nafasi, na Walatino si wengi huko. Gavana Jerry Brown alitangaza hali ya dharura Januari 2016, na maelfu ya familia zilihamishiwa hotelini na nyumba za kupanga kwa gharama ya kampuni ya gesi. Ilikuwa sahihi kufanya hivyo. Gesi ilikuwa ikivuja saa hiyo, na watu walikuwa wakiumwa vichwa na kutokwa damu puani. Lakini hakuna kanuni ya afya ya umma inayosema kwamba sumu inayonuka istahili haraka na ile isiyonuka isubiri. Kwa mitaa ya Exide hakukuwa na hoteli. Fungu la kwanza kubwa, dola milioni 176.6 za kupima na kusafisha, lilitangazwa na gavana huyo Februari 2016, baada ya wakazi kuuliza hadharani kwa nini wao walikuwa hawaonekani.

Tangu hapo zaidi ya dola milioni 700 za umma zimetengwa kwa kazi hiyo. Fedha nyingi si kinga ya utendaji mbovu. Mkaguzi wa hesabu wa jimbo aliripoti Oktoba 2020 kwamba idara isingetimiza ahadi yake ya kusafisha viwanja 3,200 vyenye hatari kubwa ifikapo Juni 2021, kwamba gharama zilikuwa zimepita makisio, na kwamba vituo vya kulelea watoto, shule na bustani kadhaa vilikuwa bado kwenye foleni. Mtoto wa miaka mitatu anayecheza kwenye uwanja wa kituo ndiye anayekula udongo kuliko mtu yeyote. Mpango unaomweka mtoto huyo nyuma umeshindwa kabla haujaanza, na aliyeupanga alipaswa kuulizwa siku hiyohiyo.

Kisha kukaja swali zito zaidi: je, palipoitwa safi ni safi? California ilikuwa ikihesabu udongo wa makazi kuwa na hatari risasi inapozidi sehemu 80 kwa milioni. Mwaka 2023 ilibainika kwamba watafiti wa vyuo viwili vya Los Angeles walipima viwanja vya nyumba 93 ambavyo idara ilikuwa imekwisha kuvisafisha, na katika 73 kati ya hivyo walikuta risasi juu ya kiwango hicho. Makandarasi walilipwa kuondoa udongo hadi kina cha sentimita 45 na kuweka mpya. Ama hawakuuondoa wote, ama waliuchanganya, ama udongo mpya umechafuliwa na vumbi la jirani ambaye hajafikiwa. Kila mojawapo ya sababu hizo ina mtu aliyetia saini cheti cha kukamilika kwa kazi. Familia hizo zilirudi kupanda mboga na kuwaacha watoto wacheze nje kwa sababu serikali iliwaambia wanaweza.

Kasoro nyingine zinajulikana kwa kila anayeishi huko. Kazi ilifuata mipaka ya viwanja, hivyo vipande vya udongo kati ya njia ya miguu na barabara viliachwa miaka mingi, ilhali watoto hawachezi kwa kufuata ramani za hatimiliki. Ruhusa ya kupima na kuchimba ilitakiwa itoke kwa mwenye nyumba, katika mitaa ambayo wengi ni wapangaji na mwenye nyumba anaishi kwingine, au anaogopa kwamba kipimo kibaya kitashusha bei ya mali yake. Mpangaji aliachwa na sumu bila sauti. Sheria ingeweza kulitatua hilo kwa siku moja, kwa kumpa mpangaji haki ya kuomba kipimo na kumlazimu mwenye nyumba kukubali. Zaidi ya hayo, operesheni za uhamiaji zilizoanza Juni 2025 zimewafanya watu wa mitaa hii waogope kila gari la serikali linalosimama mlangoni. Afisa wa afya anayebisha hodi leo anabisha kwenye hofu ambayo hakuitengeneza, na mpango wa usafi usiolizingatia hilo hautafika.

Ipo hoja inayorudiwa kila mara kwa upande wa kampuni: nyumba hizi ni za zamani, zina rangi yenye risasi, na barabara kuu ziliacha risasi ya petroli ya miaka iliyopita. Ni kweli kwamba vyanzo hivyo vipo. Lakini hoja hiyo inamhukumu anayeitoa. Mtu anayejenga tanuri la risasi katikati ya watu waliokwisha kubebeshwa risasi ya wengine ana wajibu mkubwa zaidi wa kuwa mwangalifu, na msimamizi anayejua mzigo uliopo ana wajibu mkubwa zaidi wa kuzuia nyongeza. Idara ya afya ya jimbo ilipochambua vipimo vya damu vya watoto wadogo vya mwaka 2012, ilikuta kwamba wale waliokaa ndani ya kilomita moja na nusu hivi ya kiwanda walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na risasi ya kiwango cha juu kuliko waliokaa mbali zaidi. Umri wa nyumba una sehemu yake. Umbali kutoka tanuri nao umesema.

Wanaodai kwamba mitaa hii ilifikwa na hayo kwa bahati tu wanapaswa kukumbushwa mwaka 1984. Mwaka huo bodi ya taka ya California ilipokea ripoti iliyoagizwa kutoka kampuni ya ushauri ya Cerrell, iliyoeleza ni jamii za aina gani zenye uwezekano mdogo wa kupinga vinu vya kuchomea taka: wenye kipato cha chini, wenye elimu ndogo, Wakatoliki. Katika kipindi hichohicho kinu cha kuchomea taka hatari kilipangwa kujengwa Vernon. Kilizuiwa, na waliokizuia ni akina mama wa parokia za East Los Angeles, waliojiunga katika kikundi cha Mothers of East Los Angeles na kuandamana mpaka mradi ukaachwa mwaka 1991. Ripoti iliwakadiria vibaya. Huko Kettleman City, katika bonde la kati la California, mahakama iliamua mwishoni mwa 1991 kwamba kaunti ilikosea kuidhinisha kinu kingine bila kuwapa wakazi, ambao karibu wote ni Walatino, nyaraka kwa Kihispania. Mwaka 1993 kampuni iliyotaka kukijenga ikaachana na mradi huo. Kwa hiyo tangu wakati huo hakuna ofisa California anayeweza kusema kwamba hakujua watu hawa wapo, kwamba hawakupinga, au kwamba hawakuelezwa kwa sababu ya lugha.

Kizazi cha pili cha vita hivyo ndicho kilichoifunga Exide. mark! Lopez, mjukuu wa mmoja wa akina mama wale, aliongoza wakazi kupitia kikundi cha East Yard Communities for Environmental Justice na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2017. Heshima hiyo ni yake na ya jirani zake. Kwa serikali, tuzo hiyo ni kumbukumbu ya kazi ambayo wananchi waliifanya bila mshahara wakati wenye mshahara wamekaa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hadithi hii kwa jina jingine. Miaka miwili kabla ya Lopez, tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Phyllis Omido wa Mombasa, kwa madini yaleyale kutoka betri zilezile. Kiwanda cha Kenya Metal Refineries kiliwekwa mwaka 2007 ukutani mwa kitongoji cha Owino Uhuru, watu wapatao 3,000, na kilifungwa 2014 baada ya watoto kuugua na watu kufa. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirejesha.

Katika jambo moja hukumu ya Mombasa imeitangulia California. Jaji Anne Omollo hakuishia kwenye kampuni. Aliugawa mzigo wa fidia na kuwabebesha pia wizara na taasisi za serikali, ikiwemo mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, kwa sababu zilitoa ruhusa na kisha zikaacha kusimamia. Huo ndio msingi sahihi. Msimamizi aliyelala ni mshiriki wa madhara, na hawezi kujificha nyuma ya aliyemruhusu. Taasisi za Kenya zilizohukumiwa zinapaswa kuilipa fidia hiyo yote na kusafisha udongo wa Owino Uhuru, bila mlolongo mwingine wa maombi mahakamani. Na NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, pamoja na wenzake wa kanda hii inayoingiza betri nyingi zaidi kila mwaka za magari, pikipiki na sola, wachapishe orodha ya viwanda vyote vinavyoyeyusha risasi, hali ya vibali vyao na umbali wa nyumba ya kwanza.

Kwa California na Marekani kwa jumla, kubana kiwanda kimoja bila kufuata betri kumekwisha kuonyesha matokeo yake. Marekani ilikaza kiwango cha risasi hewani mwaka 2008, mara kumi zaidi ya ilivyokuwa. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini tume ya mazingira ya nchi tatu za Amerika Kaskazini ilikuta kwamba kati ya 2004 na 2011 usafirishaji wa betri chakavu kutoka Marekani kwenda Mexico, ambako viwango vilikuwa vimelegea zaidi, uliongezeka zaidi ya mara tano. Sumu iliyozuiwa kwa binamu wa upande mmoja wa mpaka ilipelekwa kwa binamu wa upande wa pili. Nchi inayouza betri inawajibika kwa betri hiyo hadi tanuri la mwisho, na haipaswi kuruhusu taka hizo zivuke mpaka kwenda kiwanda ambacho kisingeruhusiwa kufanya kazi nyumbani.

Wala si wakati wa kuisubiri Washington. Amri ya Rais Bill Clinton ya Februari 1994, iliyoziagiza taasisi za serikali kuu kuangalia madhara yanayoziangukia jamii maskini na za walio wachache, ilifutwa Januari 2025. Miezi miwili baadaye Wakala wa Mazingira wa Marekani ulitangaza kufunga ofisi zake za haki ya mazingira, na ramani yake ya umma iliyoonyesha mahali sumu na umaskini vinapokutana ilikuwa imekwisha kuondolewa mtandaoni. Kufuta ramani hakukuhamisha risasi. Kunaondoa tu uwezo wa mwananchi kuthibitisha anachokijua, na huo ni uamuzi wa kisiasa ambao waliouchukua wanapaswa kuujibia.

Jimbo la California lina sheria zake, fedha zake na mamlaka ya kutosha. Kila kiwanja kilichopewa cheti cha usafi kipimwe upya na mtu asiye na mkataba na idara, na kilichoshindwa kisafishwe tena kwa gharama ya mkandarasi aliyelipwa mara ya kwanza. Majina ya waliotia saini vyeti hivyo yawekwe wazi. Vituo vya watoto na shule vitangulie mbele ya kila orodha. Watoto waliozaliwa katika mitaa hiyo wakati kiwanda kikifanya kazi wapewe uangalizi wa afya na msaada wa masomo kwa miaka yote watakayouhitaji, bila kuulizwa hati ya uhamiaji. Tangu 2017 California hutoza ada kwa kila betri mpya inayonunuliwa, na watengenezaji nao hutozwa, ili kulipia uchafuzi wa namna hii. Kiasi cha watengenezaji kiongezwe mpaka mlipa kodi arejeshewe alichotoa.

Bunge la jimbo lilianza kuirekebisha idara mwaka 2021 kwa kuunda bodi ya kuisimamia. Bodi hiyo haitakuwa na maana kama haitaichunguza miaka ya 1981 hadi 2015, mkurugenzi kwa mkurugenzi, na kueleza hadharani nani alipokea ombi la kibali, nani aliliweka kando, na kwa ushauri wa nani. Waliostaafu waitwe. Kustaafu kunampa mtu pensheni, hakumwondolei wajibu wa kujibu maswali. Kuhusu sheria ya mufilisi, Bunge la Marekani liitamke wazi: deni la kusafisha sumu lilipwe kabla ya wadai wengine wote, na mali yenye sumu isitelekezwe maadamu kampuni mama au mwanahisa aliyevuna faida bado anafuatika.

Na sheria ya vibali ibadilishwe ili ukimya wa idara usiwe ruhusa. Muda wa kibali ukiisha na kipya hakijatolewa, tanuri lizimwe. Hilo si suala la nadharia. Kiwanda kingine cha betri, cha Quemetco huko City of Industry, mashariki ya Los Angeles, nacho kipo karibu na nyumba za Walatino na za wahamiaji kutoka Asia. Kibali chake kilifikia ukomo mwaka 2015, mwaka uleule Exide ilipofungwa, na idara ikakiacha kiendelee kufanya kazi kwa miaka mingi huku ikitafakari. Idara iwaeleze wakazi wa huko, kwa Kihispania na kwa lugha zao nyingine, ni siku gani ilipima udongo wao mara ya mwisho, ilikuta nini, na ni dhamana ya kiasi gani imewekwa benki kwa jina lao.